Namna ya Kufuatilia Nyaraka za Mabanda ya Ford ya Maonesho ya Dunia Ukiwa Tabora

Usianze na picha. Najua picha ndizo zinazomvuta mtu: magari yanang'aa, wageni wamevaa kofia, bendera zinapepea juu ya jengo jeupe. Lakini picha ya banda la maonesho ilipigwa ili ipendeze, na hapo hapo ikaficha mengi. Haikuambii nani alilipia eneo, nani aliukataa mchoro wa kwanza, wala kwa nini kampuni ya Ford haikuonekana mwaka uliotangulia. Hayo yamo kwenye barua, hesabu na michoro. Ukiyajua hayo kwanza, ukija kuitazama picha utaona mambo ambayo mwenzako hayaoni.

Mimi nimefanya kazi masijala hapa Tabora tangu usichana hadi kustaafu, na kazi yenyewe niliisomea hapa hapa, Chuo cha Utumishi wa Umma. Nyaraka za Ford nilizianza kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu, fundi gari wa Kanyenye, aliyetaka kujua injini ya V8, yaani ya silinda nane, ilivyotambulishwa kwa watu. Nilipoingia humo nikakuta elimu ya majalada inatosha kumfikisha mtu Dearborn, Michigan, Marekani, ziliko nyaraka nyingi za kampuni, bila kupanda ndege. Naandika kwa ajili ya wanafunzi wa utunzaji kumbukumbu, kwa wapenzi wa magari ya zamani, na kwa wenzetu wanaoandaa mabanda ya Nane Nane pale Ipuli kila Agosti, kisha Septemba ukiwauliza karatasi za banda ziko wapi wanatazamana.

Jua kwanza ni maonesho yapi na ya mwaka upi

Mtu akiniambia "natafuta Ford kwenye maonesho ya dunia," namrudisha akapunguze swali. Ford ilishiriki maonesho mengi, na kila moja lina nyaraka zake, watu wake na bahati yake ya kuhifadhiwa. Chukua daftari uandike jiji na mwaka kabla hujafungua simu. Haya ndiyo ninayopendekeza mtu aanze nayo.

San Francisco, 1915. Ford ilifunga mstari wa kuunganisha magari ndani ya Jumba la Usafiri. Kwa saa chache kila mchana wageni walisimama nyuma ya kizuizi wakitazama gari la Model T likipokea magurudumu, injini na bodi, hadi linaondoka kwa nguvu zake lenyewe. Maonesho yalipofungwa Desemba, zaidi ya magari 4,000 yalikuwa yametokea humo. Kabla ya hapo kampuni ilizoea kupeleka gari lililokwisha kamilika na kulisimamisha watu walizunguke. Hapa kazi yenyewe ya kiwandani ndiyo iliyogeuzwa kuwa kitu cha kutazamwa, na ndiyo maana nawaambia wanafunzi waanzie mwaka huu.

Chicago, 1933 na 1934. Hapa tulia, pana utamu. Maonesho yalikuwa na misimu miwili. Msimu wa kwanza, 1933, General Motors, mshindani wa Ford, ndiyo iliyoweka mstari wa kuunganisha magari ya Chevrolet mbele ya umma, na Ford haikuwa na banda. Mwaka huo huo Ford iliandaa maonesho yake yenyewe Detroit na New York. Msimu wa pili, 1934, ikaja Chicago kwa kishindo: jengo lililosanifiwa na Albert Kahn, lenye umbo la magia zilizopandana, likaitwa Rotunda. Ndani kulikuwa na tufe kubwa la dunia, na nje kulikuwa na njia ya magari iliyojengwa kwa vipande vilivyoiga barabara mashuhuri za nchi mbalimbali. Pembeni waliweka ghala la mkulima lenye mitambo ya kusindika soya, kuonesha jinsi mafuta ya soya yanavyoingia kwenye rangi ya gari. Sisi tunaotembelea mabanda ya tumbaku, asali na karanga Ipuli tuna haki ya kusimama hapo kwenye soya na kuuliza maswali. Ni kampuni ya magari iliyomwendea mkulima kwa lugha ya shamba, tena katika miaka ambayo mkulima wa Marekani alikuwa taabani kwa mdororo wa uchumi.

San Diego, 1935. Jengo la Ford lilibuniwa na Walter Dorwin Teague, na ukilitazama kutoka juu lina umbo la tarakimu 8, kwa sababu injini ya V8 iliyotoka 1932 ndiyo iliyokuwa fahari ya kampuni. Jengo hilo bado limesimama. Leo ni jumba la makumbusho ya ndege na anga. Dallas, 1936, nako walijenga.

New York, 1939 na 1940. Ford iliweka jukwaa kubwa la mviringo lililozunguka, lenye upana wa karibu mita 30, likionesha safari ya malighafi hadi gari kamili, na barabara ya juu ambayo wageni walipitishwa wakiwa ndani ya magari ya kampuni. Jirani, General Motors ilikuwa na Futurama ya mbunifu Norman Bel Geddes: watu wamekaa kwenye viti vinavyosogea, wanatazama kutoka juu mfano mdogo wa nchi ya 1960 wenye barabara kuu na magari madogo maelfu kwa maelfu.

New York tena, 1964 na 1965. Gari la Mustang lilitambulishwa humo tarehe 17 Aprili 1964, siku chache kabla ya milango kufunguliwa kwa umma. Banda la Ford mwaka huo lilitengenezwa pamoja na watu wa Walt Disney, na wageni waliketi ndani ya magari halisi ya Ford yaliyosogezwa kwenye njia maalumu.

Sasa angalia pengo la 1933. Mtunza masijala akifungua jalada akakuta folio ya 5, yaani karatasi yenye namba hiyo, inafuatwa na ya 7, hasemi tu kwamba ya 6 haipo. Anauliza imekwenda wapi na nani aliichukua. Vivyo hivyo, Ford kukosekana Chicago 1933 ni swali lenye nyaraka zake. Mwombaji wa eneo huandika barua, na mwenye eneo hujibu. Anayekataa huandika pia. Ukitafuta 1934 peke yake utapata banda zuri. Ukitafuta kuanzia 1932 utafuata namna uamuzi ulivyogeuka.

Tafuta aliyeiandika karatasi

Hili ndilo nililotaka hasa kulisema, na likikuingia mengine yote yatakuwa mepesi. Nyaraka hazikai kwa mada. Hukaa kwa aliyezitengeneza au kuzipokea wakati wa kazi yake. Hakuna chumba kimoja duniani chenye "nyaraka za banda la Ford". Banda moja lilipita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja alibaki na karatasi zake. Kwa hiyo usiulize karatasi inahusu nini. Uliza ilikuwa juu ya meza ya nani.

Kampuni yenyewe ni mkono wa kwanza. Nyaraka zake za kihistoria kwa sehemu kubwa ziko katika makumbusho ya The Henry Ford, Dearborn, kwenye kituo cha utafiti kinachoitwa Benson Ford Research Center. Huko utakuta mawasiliano ya ofisi, picha za wapiga picha wa kampuni, vijitabu vilivyogawiwa wageni.

Waandaaji wa maonesho ni mkono wa pili, na mtu asiyesoma masijala humsahau daima. Kampuni ilikuwa mpangaji tu. Mwenye nyumba alikuwa shirika la maonesho, nalo lilikuwa na faili la kila mpangaji. Nyaraka za maonesho ya Chicago ya 1933 na 1934 ziko Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago. Za New York, 1939 na 1964 pia, ziko Maktaba ya Umma ya New York. Humo utaisoma Ford kama ilivyoonekana na mtu aliyekuwa akiidai kodi na kuihimiza ifuate kanuni za ujenzi. Ni sauti tofauti kabisa na ya vijitabu vya matangazo.

Wabunifu na wasanifu ndio mkono wa tatu. Karatasi za Teague ziko Chuo Kikuu cha Syracuse. Za kampuni ya Albert Kahn ziko maktaba ya Bentley, Chuo Kikuu cha Michigan. Bel Geddes yuko Austin, Texas, katika kituo cha Harry Ransom. Kahn ni wa kuangalia kwa makini, maana General Motors nayo ilimpa kazi ya jengo lake Chicago 1933 na la New York 1939. Msanifu mmoja alikuwa akiwahudumia mahasimu wawili, kwa hiyo ukiwa kwenye karatasi zake unaweza kulinganisha walichotaka mmoja na mwenzake bila kuhama meza.

Halafu kuna filamu. Ford ilikuwa na idara yake ya filamu tangu 1914, na mwaka 1963 iliikabidhi Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani mkusanyo mkubwa wa filamu hizo. Anayetafuta banda linalotembea, lenye watu wanaopita na kucheka, aende huko, maana Dearborn atapata zaidi picha zilizosimama.

Kijana wangu alikuja jioni moja, ana furaha usoni.

"Shikamoo, shangazi. Nimeipata ile Rotunda!"

"Marahaba, baba. Umeipata wapi?"

"Google."

"Google si mahali. Anayeitunza nani? Namba yake?"

Akanyamaza, akafungua tena simu. Ilibidi tuifuate ile picha kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine mpaka tukafika kwenye makumbusho yenyewe, na hapo ndipo tulipoona kwamba jengo kwenye picha halikuwa Chicago hata kidogo. Lilikuwa Dearborn, miaka ya baadaye.

Kwa nini lazima ujue nyaraka zenyewe zimeishi wapi

Kosa hilo la Rotunda ni la kawaida, na sababu yake ni historia ya jengo. Maonesho ya Chicago yalipokwisha, Ford haikulitupa. Ililibomoa, ikasafirisha, ikalijenga upya Dearborn, na mwaka 1936 likafunguliwa kuwa mahali pa kupokelea wageni wa kampuni. Mwaka 1953 lilitengenezwa tena na ua wake wa katikati ukafunikwa kwa kuba jepesi la mbunifu Buckminster Fuller. Tarehe 9 Novemba 1962 mafundi walikuwa juu ya paa wakiziba maji yasivuje, moto ukawaka, na jengo likateketea siku hiyo hiyo. Miaka miwili baadaye, New York, banda la Ford likapewa tena jina lenye Rotunda ndani yake. Kwa hiyo neno hilo moja kwenye lebo ya picha linaweza kuwa jengo la Chicago 1934, la Dearborn 1936 hadi 1962, au la New York 1964. Tazama mwaka. Tazama miti na majengo ya jirani. Tazama magari yaliyoegeshwa nje. Fundi wa gereji atakuambia mwaka wa gari kwa kuona taa tu, na huo ni ujuzi ambao watunza nyaraka wengi hawana.

Nyaraka nazo zilisafiri. Kampuni ilianzisha hifadhi yake rasmi 1951, katika Fair Lane, nyumba aliyoishi Henry Ford. Baadaye zikahamia Rotunda. Siku ya moto zilikuwa kwenye bawa la kaskazini, na bawa hilo liliokoka. Mwaka 1964 Ford ikazikabidhi kwa makumbusho. Kila uhamisho wa namna hii huacha alama: namba zinazorukaruka, kundi lililogawanywa, picha zenye mfumo wa namba wa kampuni juu na wa makumbusho chini. Ukiiona picha yenye namba inayoanza na P.833, hiyo ni ya mfululizo wa picha za kampuni yenyewe. Namba inayoanza na herufi THF ni ya nakala ya kidijitali ya makumbusho. Andika zote mbili. Wasiojua huandika moja tu, na siku wakitaka kuagiza nakala wanaanza upya.

Kusoma mwongozo wa mkusanyo

Kila hifadhi nzuri hutoa mwongozo wa kila mkusanyo, nao hupatikana bure kwenye tovuti, mara nyingi kama faili la PDF lisilo zito. Pakua huo kabla ya picha yoyote. Bando la shilingi chache linatosha miongozo mingi, lakini haliwezi picha kubwa hata kumi.

Mwongozo usiusome kuanzia orodha ya maboksi. Anza na maelezo ya mapokezi: nani alizileta, lini, zikiwa katika hali gani. Kisha soma historia ya aliyezitengeneza. Halafu mpangilio: je, wameacha utaratibu aliouweka mwenyewe, au wamepanga upya? Utaratibu wa mwenyewe una thamani. Barua ya kuomba eneo ikikutwa jalada moja na hesabu za matangazo, ina maana kuna ofisi iliyoshughulikia yote mawili, na hilo ni jambo umejifunza bila kusoma hata sentensi ya barua.

Ndipo uende kwenye makundi, maboksi na majalada. Mwongozo huishia hapo. Ni nadra kutaja karatasi moja moja. Utaona ukubwa umeandikwa kwa futi za rafu. Futi moja ni kama sentimita 30 za majalada yaliyosimama, na ndani yake hukaa karatasi zinazokaribia 2,000. Kwa mkusanyo wa futi 50 basi huwezi kumwomba mtu "autazame akutumie kinachohusu Ford". Mwombe boksi na jalada.

Kwenye kisanduku cha kutafutia, jina la jiji na mwaka hufanya kazi kuliko maelezo marefu. Andika Ford, Chicago, 1934. Kisha badilisha: Teague, 1939. Kahn, Rotunda. Majina ya watu hufungua milango ambayo mada haziifungui, kwa sababu karani aliyepanga majalada yale miaka ya 1930 aliyapanga kwa majina ya waliokuwa wakiandikiana. Tulifanya hivyo hivyo masijala.

Karatasi zipi uzifungue kwanza

Mawasiliano ya eneo ndiyo ya mwanzo. Humo kuna ukubwa, bei, masharti na jirani. Ya pili ni michoro, na michoro isome kwa tarehe: mchoro wa mapema una ndoto, wa mwisho una bajeti. Ukiiweka miwili pamoja utaona kilichokatwa, na mara nyingi kilichokatwa ndicho kilichokuwa na maana kubwa kwa mbunifu.

Maelezo ya waongozaji wageni yatafute kwa bidii. Mabanda makubwa huwa na vijana waliofundishwa la kumwambia mgeni, na maneno hayo huandikwa. Hayo ndiyo sauti ya banda. Jukwaa la New York 1939 kwenye picha ni duara kubwa la sanamu na mitambo midogo. Bila maneno ya mwongozaji hujui mgeni alitakiwa aanze kutazama upande upi na aondoke akiamini nini.

Ripoti ya mwisho isome ukiwa macho. Namba ya wageni kwenye taarifa kwa magazeti ni namba ya tangazo. Namba ya wageni kwenye daftari la mlangoni ni ya mlangoni. Zikitofautiana usichague inayokupendeza. Andika zote na useme kila moja imetoka kwenye karatasi ya nani. Hapa tena mkono wa pili, wale waandaaji, unasaidia sana, kwa kuwa wao hawakuwa na sababu ya kuisifia Ford.

Picha sasa. Mwishoni, naam, lakini zitazame polepole. Geuza nyuma ikiwa makumbusho wameipiga upande wa nyuma. Ndiko kuna mhuri, tarehe na penseli ya karani.

Kuandika barua ya kuomba

Ukishapata boksi na jalada, iandikie hifadhi barua pepe fupi. Sema wewe ni nani na uko Tabora, Tanzania. Taja mkusanyo kwa jina lake kamili, boksi na jalada. Sema unatafuta nini humo kwa sentensi moja. Uliza gharama ya nakala na namna ya kulipa, na uliza hilo kabla hawajaanza kazi. Usieleze maisha yako. Huyo anayesoma ana barua nyingi, na anayemtajia boksi humsaidia kwanza. Kumbuka Dearborn na New York wako nyuma yetu kwa saa saba au nane kufuatana na majira yao, kwa hiyo barua ya asubuhi ya Tabora inawakuta usingizini, na jibu hutarajiwi kuliona kabla ya jioni.

Ikiwa unataka kuchapa picha kwenye kitabu au bango, uliza ruhusa ya matumizi pia, kwani kununua nakala hakukupi ruhusa ya kuichapa. Kwa sheria ya Marekani, kilichochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita ni huru. Kijitabu cha San Francisco 1915 kimeshavuka mpaka huo. Cha New York 1939 usikidhanie, uliza.

Wanachokutumia kitunze siku hiyo hiyo. Jina la faili ulilopewa na simu, lenye tarakimu tu, libadilishe: weka hifadhi, mkusanyo, boksi, jalada, mwaka. Kisha andika mstari mmoja kwenye daftari la karatasi. Simu huanguka chooni na kadi hufa.

Na banda lako la Ipuli

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 inawabana watumishi wa umma, na halmashauri zina masijala zao. Lakini chama cha ushirika, kikundi cha wafuga nyuki, gereji inayopeleka trekta iliyoundwa upya kwa mikono ya mafundi wetu, hao hakuna anayewatunzia. Nao ndio wenye mambo ya kueleza. Mtu akija baada ya miaka 50 kuuliza Kanda ya Magharibi ilionesha nini Nane Nane, nataka akute karatasi za kikundi cha asali, asikute tu zile za kampuni kubwa.

Weka hivi: barua ya maombi ya eneo na jibu lake, risiti, ramani ya kiwanja yenye alama ya banda lako, orodha ya vitu vilivyopelekwa na vilivyorudi, majina ya waliokaa zamu, kitabu cha wageni, nakala moja safi ya kila kipeperushi na bango, na ukurasa mmoja alioandika msimamizi jioni ya mwisho, akieleza watu waliuliza nini. Huo ukurasa wa mwisho ndio nisioupata kamwe, na ndio ningeulipia fedha. Maswali ya wageni hayaandikwi na mtu mwingine yeyote. Uandikeni kabla ya kuvunja banda, maana wiki inayofuata kila mtu amerudi shambani au gereji na hakumbuki.

Toa pini na vibanio vya chuma. Mvua za Novemba zikianza vinashika kutu na kula karatasi. Usitumie gundi ya utepe. Usifunike karatasi kwa plastiki moto, haitoki tena. Picha ziandikwe nyuma kwa penseli laini, majina kuanzia kushoto. Boksi la karatasi za ofisi lenye mfuniko linafaa, ila lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta: mchwa wa Tabora hupanda ukutani kwa handaki la udongo usiku mmoja, na asubuhi boksi kwa nje ni zima. Rafu ya chuma, sentimita kumi na tano hivi kutoka sakafuni, nafasi ya mkono nyuma yake, na mtu aliyepewa kazi ya kuichungulia kila wiki. Vumbi la kiangazi lifutwe kwa kitambaa kikavu.

Juu ya jalada usiandike "Mambo ya Nane Nane". Andika aliyelitengeneza, shughuli, mahali, mwaka, kisha kilichomo: jina la kikundi, Nane Nane Ipuli, mwaka, mawasiliano ya eneo. Jalada la pili: vilevile, hesabu. La tatu: vilevile, kitabu cha wageni na ukurasa wa msimamizi. Orodha ya majalada yote iwe na nakala mbili, na ya pili ikae chini ya paa lingine, kwa katibu au kwa mweka hazina.